Vitengo Vinane, Saa Moja: Niliyojifunza Katika Kugawa Kazi ya Kuchakata Ishara

Asubuhi tulipowasha vitengo vyote vinane vya redio kwa pamoja kwa mara ya kwanza, kasi ya data iliyowafikia watumiaji wetu wanne wa majaribio ilikuwa ndogo kuliko ile tuliyoipata wiki moja kabla kwa kitengo kimoja kilichowahudumia kwa zamu. Niliisoma namba hiyo mara tatu. Kila kitengo kilikuwa kimejaribiwa peke yake na kufaulu, programu ilikuwa ileile, na hesabu niliyoiandika kwa mkono wangu ilikuwa imeahidi kwamba vitengo vinane vikituma kwa pamoja kwa mtu mmoja, nguvu inayomfikia ingeweza kuongezeka hadi mara 64, kwa kuwa mawimbi yanayokutana yakiwa yamelingana hujumlishwa kimo kwanza, na nguvu hufuata mraba wa kimo. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sikutarajia kwamba methali hiyo ingekuja kunisuta ndani ya maabara ya mawasiliano.

Wazo tulilokuwa tukilijaribu halikuwa letu. Katika mtandao wa simu tuliouzoea, eneo hugawanywa kuwa seli, kila seli ikiwa na mnara wake, na mtu aliye mpakani mwa seli mbili huumia mara mbili: mnara wake uko mbali naye, na mnara wa jirani humpigia kelele. Mwaka 2010, Thomas Marzetta, akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti wa mawasiliano ya Marekani, alionyesha kwa hesabu jinsi mnara wenye antena nyingi mno unavyoweza kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja na kwa masafa yaleyale, kila mmoja akielekezewa mawimbi yake. Baadaye likaja swali jingine: kwa nini antena hizo zirundikwe mahali pamoja? Zitawanywe eneo zima, ziwe karibu na watu, kisha zote zifanye kazi kana kwamba ni antena moja kubwa isiyojua mipaka ya seli. Makala ya Hien Quoc Ngo na wenzake ya 2017, Marzetta akiwa mmoja wao, ililiwekea wazo hilo msingi wa hesabu, na ndiyo tuliyoanza nayo. Sisi tulikuwa na vitengo 8 vilivyoning'inizwa kwenye dari ya ukumbi mmoja, kila kimoja kikiwa na antena 4, vyote vikifanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 3.5.

Mpango wetu wa awali ulikuwa wa kivivu, ingawa uvivu huo ulikuwa na sababu zake. Tuliamua kwamba vitengo visifikiri chochote. Kila kimoja kingepokea mawimbi, kingeyageuza kuwa namba, na kingezituma namba zote kwenye kompyuta moja kuu ambayo ingefanya hesabu kwa niaba ya wote. Ukifanya hivyo, matatizo ya uchakataji uliogatuliwa, yaani uliogawanywa kwa vitengo vingi, hayakuhusu, kwa sababu hakuna kilichogatuliwa. Kwenye karatasi, hakuna mpango unaoushinda huo, kwani anayeona kila kitu hawezi kuamua vibaya kuliko anayeona kipande.

Kisha tukapiga hesabu ya waya. Ishara yenye upana wa megahezi 20 huchukuliwa sampuli milioni 30.72 kwa sekunde. Kila sampuli ina sehemu mbili, na kila sehemu ikiandikwa kwa biti 15, antena moja huzalisha megabiti 921.6 kwa sekunde. Ukiongeza maneno ya udhibiti na usimbaji wa waya kwa kanuni za CPRI, ambazo ndizo zilizotumika kwa miaka mingi kuunganisha antena na chumba cha mitambo, namba hiyo inafika 1,228.8. Zidisha kwa antena 32 na utapata zaidi ya gigabiti 39 kwa sekunde zikimiminika kuelekea kwenye kompyuta moja, ili mwisho wa yote watumiaji wanne wapate data isiyofika megabiti 300 kwa jumla. Tena mto huo haukupungua hata kidogo pale ambapo hakuna aliyekuwa akiwasiliana, kwa kuwa sampuli ni sampuli, iwe imebeba neno la mtu au ukimya mtupu. Ukipanua ishara hadi megahezi 100, kama ilivyo kawaida katika kizazi cha 5 cha mitandao ya simu (5G), mzigo wote huo unazidishwa kwa takribani 4.

Hapo ndipo tulipoanza kugawa kazi, si kwa sababu tuliipenda falsafa ya ugatuzi, bali kwa sababu waya zilitushinda. Hatua ya kwanza ilikuwa nyepesi na ilitupa moyo kupita kiasi. Badala ya kutuma sampuli za wakati, kila kitengo kilifanya mageuzi ya Fourier, yaani hesabu inayoitenganisha ishara katika masafa yanayoiunda, papo hapo na kutuma sampuli za masafa. Kati ya vijimasafa 2,048 vinavyotokana na mageuzi hayo, ni 1,200 tu vinavyobeba chochote, na vya pembeni vinatupwa bila hasara yoyote. Mzigo wa antena moja ukashuka kutoka megabiti 921.6 hadi 504. Tulifurahi, tukadhani kwamba kila hatua ya uchakataji tutakayoisogeza karibu na antena itapunguza mzigo kwa namna hiyohiyo.

Hatua ya pili ilituaibisha. Tuliviambia vitengo viunganishe vyenyewe ishara za antena zao 4, na kutuma kwenye kompyuta kuu makadirio ya kile ambacho kila mtumiaji alikuwa ametuma. Tuliandika programu kwa wiki tatu, tukaijaribu, tukapima mzigo kwenye waya, na mzigo haukushuka hata kwa biti moja. Mwenzangu aliyekuwa akipitia matokeo aliniuliza swali la mtoto wa shule: antena ni ngapi kwa kila kitengo? Nne. Na watumiaji? Wanne. Kumbe tulikuwa tumebadilisha mikondo minne kwa mikondo minne, na njiani tumepoteza habari ambayo kompyuta kuu ingeitumia kutenganisha watumiaji kwa ufanisi zaidi. Kuunganisha ishara kwenye kitengo kunaokoa waya pale tu antena za kitengo zinapozidi idadi ya watu wanaohudumiwa. Jambo hilo limeandikwa wazi katika kila hesabu ya fani hii, na mimi mwenyewe nimewahi kulifundisha.

Nafuu ya kweli ilitoka mahali ambapo hatukupapenda kwa sababu palionekana pa kifundi mno, nako ni kwenye idadi ya biti. Kila biti unayoiongeza kwenye sampuli hupunguza kelele ya kukadiria, yaani kosa linalotokana na kuikata namba, kwa takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu; 6 ni kama mara nne). Kitengo kilichokuwa mwisho wa ukumbi kilipokea ishara ya mtumiaji wa mbali ikiwa juu ya kelele kwa desibeli zisizofika 10, lakini kilikuwa kikiiandika kila sampuli kwa biti 15. Kwa maneno mengine, tulikuwa tukisafirisha kelele kwa uaminifu wa hali ya juu. Tulizipanga sampuli katika makundi ya 12, kila kundi likawa na kipimo kimoja cha ukubwa wanachokishiriki wote, kisha tukapunguza biti hadi 6 kwa vitengo vilivyosikia kwa shida. Matokeo kwa mtumiaji hayakubadilika kiasi cha kuonekana.

Sasa nirudi kwenye asubuhi ile. Kufikia siku hiyo tulikuwa tumegawa kazi namna hii: kila kitengo kilipima chaneli, yaani jinsi mawimbi yanavyobadilishwa na safari kati yake na kila mtumiaji, kikatuma vipimo hivyo kwenye kompyuta kuu, kompyuta kuu ikakokotoa uzito wa kila antena kwa kila mtumiaji, yaani namba inayoiambia antena itume wimbi la kimo gani na lianzie wapi katika mzunguko wake, na kuurudisha kwa vitengo ili viutumie wakati wa kutuma. Uzito huo ulichaguliwa ili mawimbi ya vitengo vinane yajumlike pale alipo mtumiaji anayekusudiwa na kufutana pale walipo wengine watatu. Kufutana huko ni jambo la hatari. Kujumlika husamehe makosa madogo, ilhali kufutana hakusamehe, kwa kuwa namba ndogo inapotokana na tofauti ya namba kubwa mbili, kosa dogo katika mojawapo linakuwa ndilo jibu lote.

Kwenye skrini ya mpokeaji tulitarajia kuona nukta katika vishada 16 vilivyopangwa kama kete kwenye ubao, kila kishada kikiwakilisha biti nne. Badala yake tuliona pete tatu zilizofifia, moja ndani ya nyingine. Aliyewahi kuliona umbo hilo hahitaji kuambiwa: vishada 16 vina vimo vitatu tu tofauti, kwa hiyo vikizungushwa kwa mfululizo huchora pete tatu. Kulikuwa na kitu kinachozunguka. Tatizo ni kwamba kila kitengo kikiwashwa peke yake, vishada vilitulia tuli, kwa sababu mpokeaji hufuatilia mzunguko wa mtumaji mmoja kwa kutumia ishara za rejea, ambazo anazijua tangu mwanzo, na kuusahihisha bila kulalamika. Vitengo vinane vinapotuma pamoja, mpokeaji hawezi kusahihisha mizunguko tofauti iliyokwisha kuchanganyika hewani.

Hapa inafaa nieleze ukubwa wa kinachodaiwa, maana hata mimi niliyekuwa nikizijua namba hizi kwa kichwa sikuwa nimezihisi. Kwenye gigahezi 3.5, wimbi moja lina urefu wa sentimita zisizofika 9 na linakamilisha mzunguko wake katika muda usiofika theluthi ya nanosekunde. Ili fezi, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake, isipotoke zaidi ya sehemu moja ya kumi, saa za vitengo zinapaswa kukubaliana ndani ya pikosekunde 30 hivi (pikosekunde 1,000 ni nanosekunde moja) kati ya wakati wa kupima na wakati wa kutuma. Mitandao ya kawaida inayotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale huridhika saa za minara zikiwa ndani ya mikrosekunde 1.5 kutoka kwenye saa ya pamoja. Uvumilivu huo ni mara 50,000 ya ule tuliokuwa nao sisi. Kristali ya saa inayokosea kwa sehemu 0.1 tu katika milioni, ambayo ni kristali nzuri kabisa, inahama hezi 350 kwenye masafa hayo na kumaliza mzunguko mzima katika muda usiofika milisekunde 3. Ndiyo maana vitengo vyote vilifungwa kwenye saa moja ya rejea ya megahezi 10 iliyopitishwa kwa kebo hadi kwenye kila kitengo.

Tulichukua kitengo cha kwanza kama kipimo, tukakilinganisha na kila kimoja cha wengine saba, tukachora tofauti ya fezi kila milisekunde. Mistari sita ililala sawa. Wa saba, wa kitengo cha tano, ulikuwa ukipanda kama mlima, ukikamilisha mzunguko kila baada ya milisekunde 25, yaani ukitofautiana na wengine kwa hezi 40. Kitengo hicho kilikuwa hakiisikii saa ya rejea na kilikuwa kikitembea kwa kristali yake ya ndani, huku taa yake ikiwaka kijani, kwa kuwa taa ile, kama tulivyokuja kusoma kwenye mwongozo, ilionyesha tu kwamba umeme upo na mtandao umeunganishwa.

Fundi wetu alipanda ngazi. "Mwalimu," aliniita kutoka juu, "hii ya tano aliikaza nani?"

Nikamwambia ni mimi.

"Kwa spana au kwa vidole?"

Sikujibu. Alitoa spana yake ndogo mfukoni, akazungusha kiunganishi robo mzunguko, na kwenye skrini pete tatu zikasimama, zikakatika, zikawa vishada 16. Kuanzia siku hiyo kila kiunganishi kina alama ya rangi inayopita kwenye nati na kwenye mwili wa kitengo, ili aliye chini aone kwa macho kama imelegea. Programu nayo ilifundishwa kukiuliza kila kitengo, kabla hakijaingia kazini, kinaifuata saa gani, bila kuiamini taa.

Kasi ilipanda, lakini haikufika pale hesabu ilipotaka, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo limebaki nami kuliko mengine yote. Baada ya kuondoa kosa la kiunganishi tulianza kupima umri wa habari. Kitengo kinapima chaneli sasa. Kipimo kinasafiri, kinasubiri foleni kwenye kompyuta kuu, kinaingia kwenye hesabu, uzito unarudi, unasubiri tena, kisha unatumika. Tulikuta kwamba kati ya kuzaliwa kwa kipimo na kutumika kwake zilipita milisekunde 20 na ushei. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida, mita 1.4 kwa sekunde, husogea karibu sentimita 3 katika muda huo, na sentimita 3 ni theluthi ya urefu wa wimbi letu. Tulikuwa tukitumia kwa ustadi mkubwa habari iliyokwisha kuchacha. Tulipomwomba mtumiaji asimame bila kutikisika, kasi ikapanda mara moja. Alipoanza kutembea, ikashuka.

Kumbe swali letu la siku zote, kwamba kazi ipi ifanyike kwenye kitengo na ipi kwenye kompyuta kuu, tulikuwa tukiliuliza kwa kuangalia ukubwa wa mzigo peke yake, na hatukuangalia muda wa mzigo kuchacha. Fezi ya chaneli hubadilika ndani ya milisekunde, kwa hiyo inapaswa kutumika palepale ilipozaliwa. Nguvu ya wastani kati ya kitengo na mtumiaji, ambayo inategemea umbali na kuta zilizo katikati, hubadilika kwa sekunde nyingi, kwa hiyo inaweza kusafiri bila wasiwasi. Tukapanga upya. Kila kitengo kikaanza kukokotoa uzito wa antena zake chenyewe kwa vipimo vyake vibichi, na kompyuta kuu ikabaki na kazi ya kuamua, kwa wastani wa muda mrefu, neno la kitengo kipi lipewe uzito gani kwa mtumiaji yupi. Kwa nadharia tulikuwa tumejinyima, maana vitengo havikuweza tena kusaidiana kufuta mwingiliano kwa usahihi uleule. Mtumiaji akiwa amesimama tuli, mpangilio wa zamani ulishinda. Mtumiaji akitembea, mpya ulishinda, tena kwa mbali. Kwa kuwa simu hutembea na watu, uamuzi haukuwa mgumu.

Kulikuwa na mtego mwingine uliotunyima usingizi kwa siku kadhaa. Njia ya mawimbi hewani ni ileile kwenda na kurudi, na ndiyo maana kitengo kinaweza kupima chaneli kwa kumsikiliza mtumiaji kisha kukitumia kipimo hicho wakati wa kutuma. Lakini vifaa vya kielektroniki ndani ya kitengo si vilevile: mawimbi yanapoingia hupita kwenye kikuzaji kimoja, na yanapotoka hupita kwenye kingine, kila kimoja na ucheleweshaji wake. Tofauti hiyo lazima ipimwe na kuondolewa, na tulifanya hivyo kwa kuviacha vitengo vitumiane ishara vyenyewe kwa vyenyewe. Kazi ilikwenda vizuri hadi usiku mmoja kitengo cha pili kilipojiwasha upya bila kumwambia mtu. Kikiwaka, kizalisha-masafa chake huanza kwenye fezi yoyote kinayoiangukia, na vipimo vya jana vikawa havina maana. Siku hizi kila kitengo hubadilisha namba yake ya utambulisho kila kinapowaka, na vipimo vyenye namba ya zamani hukataliwa.

Awamu ya mwisho ilikuwa ya kuiondoa kabisa kompyuta kuu katika baadhi ya maamuzi, kwa mfano kukadiria kiwango cha kelele ukumbini na mahali alipo mtumiaji. Tulivipanga vitengo katika duara, kila kimoja kikizungumza na majirani wake wawili tu, na kila raundi kikachukua wastani wa thamani yake na zao. Hesabu ya makubaliano ya aina hii ni ya zamani na ni safi: vitengo vyote huishia kwenye wastani wa kweli wa wote, bila yeyote kuwa mkubwa wa wengine. Kinachosahaulika ni muda. Katika duara la vitengo 8, ili tofauti zilizosalia zipungue hadi chini ya sehemu moja ya mia, zinahitajika raundi 22. Nilipouchora mchoro wa duara ubaoni na kuongeza mistari minne tu inayounganisha kila kitengo na kile kilicho upande wa pili, raundi zikawa 7. Tulinunua kebo nne. Sijawahi kuona kebo nne zikifanya kazi ambayo algorithimu tatu zilizokuwa zikishindana kwenye daftari langu zilishindwa kuifanya.

Ila makubaliano yana ubaya wake, na ubaya huo ulijitokeza tulipokadiria mahali alipo mtumiaji. Hapa vitengo havikuchukua wastani wa kawaida; kila kimoja kilitangaza makadirio yake pamoja na kiwango cha uhakika, na jirani alipoyapokea aliyachanganya na yake, akaongeza uhakika, akayatangaza tena. Kitengo cha tatu kilikuwa karibu na kabati la chuma, na mwangwi wa mawimbi kutoka kwenye kabati hilo ulikifanya kimwone mtumiaji mita mbili kutoka pale alipokuwa. Kosa la kitengo kimoja kati ya vinane lilipaswa kumezwa na wengine. Badala yake, baada ya raundi kadhaa vitengo vyote vinane vilikuwa vimekubaliana juu ya mahali pasipo sahihi, tena kwa uhakika wa sentimita 4. Neno la kitengo cha tatu lilikwenda kwa cha nne, likarudi likiwa limevaa nguo za cha nne, kitengo cha tatu kikalipokea kama ushahidi mpya wa kile kilichokuwa kikiamini, kikazidi kujiamini. Lisemwalo lipo, husema watu. Kwenye duara letu lisemwalo lilikuwepo kwa sababu lilisemwa mara nyingi na mdomo uleule.

Tatizo hilo linafahamika. Simon Julier na Jeffrey Uhlmann walipendekeza mwaka 1997 namna ya kuchanganya makadirio mawili ambayo hujui yamechangia asili kiasi gani, kwa kukataa kuongeza uhakika pale usipoweza kuthibitisha kwamba vyanzo ni tofauti. Tuliijaribu, ikafanya kazi, ingawa ilikuwa na tahadhari kupita kiasi kwa mahitaji yetu na makadirio yakawa mapana mno. Kwa vitengo 8 tuliweza kumudu dawa ya moja kwa moja zaidi: kila kipande cha habari kilibeba jina la kitengo kilichokizaa, na hakuna kitengo kilichoruhusiwa kuhesabu jina lilelile mara mbili. Kwa vitengo 800 orodha ya majina ingekuwa nzito kuliko habari yenyewe, na nadhani huko itabidi kurudi kwa Julier na Uhlmann na kuuvumilia woga wao.

Uhakika wa vitengo ulishuka kutoka sentimita 4 hadi sentimita 60, na mtumiaji akaonekana pale alipokuwa kweli. Mgeni mmoja aliyetembelea maabara aliziangalia namba hizo mbili na kuuliza kwa nini tumeuharibu mfumo uliokuwa sahihi zaidi. Ilinichukua nusu saa na kalamu mbili za ubao kumjibu, na sina hakika kwamba aliondoka ameridhika.

Sasa tunaandaa ukumbi wa pili, mkubwa zaidi, wenye vitengo 24. Mara hii hatukuanza na mchoro wa antena. Tulianza na jedwali lenye safu tatu: habari gani, inazaliwa wapi, na inachacha baada ya muda gani. Fezi ya chaneli, milisekunde chache, inabaki kwenye kitengo. Nguvu ya wastani, sekunde kadhaa, inasafiri. Tofauti ya njia ya kuingia na ya kutoka, hadi kitengo kitakapowaka upya. Mstari wa kebo za saa ya rejea umeandikwa na fundi wetu kwa penseli, na kwenye safu ya tatu ameweka alama ya kuuliza, kwa sababu kebo zinazopita karibu na dari hupata joto mchana, na joto hubadilisha fezi yake. Ameomba vipimajoto sita vya kufunga kwenye kebo kabla hajaifuta alama hiyo.